Nilionja Mchuzi, Sikuonja Kiazi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, mwaka ambao Ramadhani na Kwaresima ziliangukia pamoja, na mimi nikakabidhiwa sufuria ya nyumba nzima. Najua nasaha ni kazi ya wazee. Wao wanasubiri mvi ziote ndiyo wakae kitako waseme. Mimi nina miaka ishirini na mbili, wewe bado uko tumboni mwezi wa saba, na subira ya kungoja mvi sina. Kwa hiyo naandika leo kwenye hili daftari, kabla hujazaliwa ukaanza kulia na mimi nikasahau nilichotaka kusema.

Tulikuwa tunakaa Ilala, kwenye nyumba ya Bi Mwanahawa, wote tunamwita Bi Mwana. Nyumba ya zamani ya familia yao, korido katikati, vyumba huku na huku, uani bomba moja na majiko. Yeye na binti yake Zuhura na wajukuu walikuwa vyumba vya mbele. Mimi na bibi yako, yaani mama yangu, tulipanga viwili vya nyuma, na vilivyobaki walikaa wapangaji wengine. Wao watu wa pwani, Waislamu tangu na tangu. Sisi Wachaga wa Kibosho, Wakatoliki. Mama anauza vyombo vya plastiki Kariakoo, na mwaka ule alikuwa ameweka nadhiri: Kwaresima nzima hagusi nyama, samaki, maziwa wala yai. Chochote kilichotoka kwa mnyama, hapana.

Zuhura aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Mchaga bila nyama? Mama Manka, hiyo siyo Kwaresima, hicho ni kifungo."

"Na wewe unayeshinda na njaa mchana kutwa?" mama akamuuliza. "Chako ndiyo nini?"

"Changu kinaisha magharibi. Chako mpaka Pasaka."

Ndipo Bi Mwana akasema, basi Ijumaa inayokuja tupike sufuria moja. Mchuzi wa viazi na mboga, wa nazi, mzito, ambao hauna nyama wala samaki. Wao wanafuturia, sisi ndiyo mlo wetu wa Ijumaa, hakuna wa kuuliza kuna nini ndani. Na mimi, niliyekuwa nimemaliza form four, niko nyumbani nazunguka kama kuku mwenye kideri, nikadakia: "Nipike mimi."

Nilikuwa naililia hiyo sufuria tangu mwezi uandame. Sahani tulikuwa tunapelekeana kila siku, hilo lipo. Lakini futari yenyewe, ya watu kumi na wawili, alipika Bi Mwana au Zuhura. Mtu wa upande wetu alikuwa hajawahi kupewa. Sahani ni salamu tu, mwanangu. Watu walioshinda na kiu tangu alfajiri kuusubiri mkono wako mmoja, hicho ni kitu kingine kabisa.

Bi Mwana aliniangalia. Ana macho ya polepole yule bibi. Akasema, "Haya, pika. Na ni vizuri upike wewe, maana wewe hutafunga. Sisi hatuwezi kuonja. Ningeweza kugusa kwa ncha ya ulimi nikatema, lakini najijua, nikigusa nitameza. Kwa hiyo Ijumaa hiyo ulimi wa nyumba hii ni wako."

Kisha akanielekeza. Viazi vitangulie, na tui jepesi. Karoti zifuate, njegere na hoho baadaye. Nyanya zikae pembeni mpaka kiazi kiive, maana kiazi kikikutana na ukali wa nyanya kikiwa kibichi, kinakaza, utachochea moto mpaka uchoke. Tui zito ndiyo la mwisho. "Na ukionja," akasema, "onja kiazi."

"Bi Mwana, ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia. Watoto wakacheka.

"Na kutangulia si kufika," akajibu, akaenda zake kutawadha.

Ijumaa ikafika. Nikaenda Kariakoo kwa miguu na kikapu, najiona mpishi wa harusi. Muuza viazi akaanza kunichagulia vinavyolingana, kimoja kimoja, mimi nikaona ananichelewesha. Nikamwambia anijazie ndoo ndogo mbili za sado, asichague.

"Dada, kikubwa na kidogo haviivi pamoja," akasema.

"Wewe jaza. Kisu ninacho."

"Haya mrembo. Kisu chako, viazi vyako."

Huyo naye alikuwa ananiusia, sema nilikuwa sisikii. Nikachukua karoti, hoho, njegere zilizokwishamenywa, biringanya mbili, tangawizi, giligilani, nyanya nyekundu mno, na nazi za kukunwa na mashine. Hapo nilikuwa na muda wa kutosha. Nikakutana na rafiki yangu wa shule, tukapitia viatu, tukapitia na vile ambavyo hatutanunua, tukasimama kwenye juisi ya miwa. Kuja kushtuka, saa kumi imepita. Nafika nyumbani ni saa kumi na moja kasoro, na magharibi inaadhiniwa kumi na mbili na nusu hivi.

Nilimenya viazi harakaharaka, nusu ya maganda ikabaki. Nikavikata ovyo, vingine kama ngumi, vingine kama dole gumba. Nikakaanga vitunguu na saumu na tangawizi, harufu ikatoka mpaka korido. Zuhura akapiga kelele chumbani, "Manka, unatutesa huku." Nikajisikia raha sana. Na kwa ile raha, na kwa saa ilivyokuwa inakimbia, nikaona haya mambo ya hiki kwanza na kile baadaye ni ya watu wenye siku nzima. Nikamwaga kila kitu mle ndani. Viazi, karoti, hoho, biringanya, njegere, nyanya zote, tui jepesi, na ndimu nikakamulia. Nikafunika, nikaongeza mkaa.

Saa kumi na mbili nikafunua. Rangi, mwanangu, ungependa. Nikachota mchuzi kwenye kiganja nikaonja. Mtamu. Chumvi ipo, tangawizi ipo, nyanya inachekea. Lakini nilipokoroga, mwiko uligonga kiazi, na kiazi kikalia ko. Nilisikia. Sitaki nikudanganye kwamba sikusikia. Nikasema moyoni kitaiva tu, nikarudisha mfuniko, nikatoka uani natangaza: "Jamani, tayari. Tandikeni mkeka."

Zuhura akatandika. Wapangaji wengine wakaanza kuja na chapati zao na kachumbari. Watoto wakakaa. Bi Mwana akaja polepole na bakuli la tende, akaliweka, akaja kuchutama kando ya jiko.

"Umeonja?"

"Nimeonja, Bi Mwana. Tamu."

"Umeonja nini?"

"Mchuzi."

"Na kiazi?"

Hapo ndipo nilipokosea kuliko yote. Nikasema, "Nacho."

Hakubisha. Akachukua kisu, akafunua, akachagua kiazi kimoja cha kama ngumi, akakichoma. Kisu kikaingia kidogo kikagoma. Akakijaribu kingine, hivyo hivyo. Akarudisha mfuniko bila kelele, maana watu walikuwa pale nyuma, na hakutaka wasikie.

"Hiki kiazi hakijaonjwa na mtu," akasema, sauti ya chini kabisa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu kumi na wawili wamekaa mkekani, sehemu kubwa hawajatia hata maji mdomoni tangu alfajiri, zimebaki dakika ishirini na kitu, na futari yenyewe ni mawe kwenye mchuzi mtamu. Siku ya kwanza ya kuaminiwa, na pengine ya mwisho.

"Manka," akasema, "mchuzi unaongea haraka, kila mtu anausikia. Kiazi hakisemi mpaka ukiulize. Mimi sikukupa ulimi ili uniambie kilicho tamu. Nilikupa uniambie kisichoiva. Ungeniita ukasema, Bi Mwana, viazi vimegoma, tungekuwa tumeshavitengeneza. Sasa umenipa viwili vya kutengeneza, viazi na maneno yako."

Nikaanza kulia. Akaniambia nisilie kwenye sufuria, chumvi inatosha.

Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka hilo nacheka.

Akanyanyuka, akawageukia watu. "Sufuria imechelewa kidogo. Adhana ni ya tende na maji na uji, wala siyo ya sufuria. Tutafungua, tutaswali, halafu ndiyo tutakula, kama siku zote. Zuhura, washa jiko la gesi. Njoo na kijiko cha matundu."

Mama yangu akaingia muda huo kutoka dukani, bado ana pochi begani. "Kuna nini?"

"Viazi vimegoma," nikasema.

"Vimegoma, au umevigomesha?"

Nikamwambia ukweli. Niliwahisha nyanya, nilichelewa sokoni, nilijua havijaiva nikasema vimeiva. Kila mtu mkekani akasikia. Mpangaji mmoja mzee akasema, "Basi mwacheni, amefungua kinywa kabla yetu." Wakacheka, na mimi nikapata pumzi.

Tuliviopoa viazi kimoja kimoja kutoka kwenye ule mchuzi. Tukavisuuza, Zuhura akavikatakata viwe sawa, anasema, "Hiki ulikata kwa shoka?" Tukaviweka kwenye maji mapya yanayochemka, sufuria mbili, moja gesi, moja mkaa. Mama alikuwa anachochea huku midomo inacheza. Sijui alikuwa anaviombea viazi au ananiombea mimi.

Adhana ikaadhiniwa. Tende zikazunguka, uji ukazunguka, watu wakanywa maji kwa ile sauti ya watu waliokuwa na kiu kweli. Wakaingia ndani kuswali. Uani tukabaki mimi na mama na sufuria, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nilikaa mbele ya kitu kinachochemka bila kukifunua kila dakika.

Waliporudi, nilitafuta kipande kikubwa kuliko vyote. Nikakipuliza, nikakitafuna chote mbele yao, wakiniangalia.

"Kimeiva," nikasema.

"Hakika?" Bi Mwana akauliza.

"Hiki ndicho kilikuwa kibishi kuliko wenzake."

Vile vidogo vilivyopondeka tukavisaga na mwiko, vikafanya mchuzi kuwa mzito. Viazi vikarudi kwa wenzao, tui zito likaingia, tukakoroga taratibu lisikatike, giligilani juu. Tukala. Nakwambia tulikula. Watoto walipangusa sahani kwa chapati mpaka zikang'aa. Zuhura akamwambia mama, "Nadhiri yako hii iendelee mpaka Idi."

"Nitakonda, shoga."

"Uanzie wapi kukonda?"

Bi Mwana aliongeza sahani, yeye ambaye huwa anakula kama ndege. Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia Ijumaa ijayo nipike tena. Nikamuuliza anawezaje kuniamini baada ya nilivyomdanganya. Akasema mtu aliyeumbuka mara moja na viazi huwa anaonja vizuri kuliko asiyewahi kuumbuka. Na kweli, nilipika Ijumaa zote zilizobaki, na kila moja Zuhura alikuja na kisu mkononi, anajifanya polisi.

Sasa, mwanangu, maneno yangu ni haya.

Ukipika mchuzi wa viazi, kata vilingane, tanguliza viazi na tui jepesi, nyanya zipe adabu ya kusubiri, tui zito mwisho. Hiyo ni ya jikoni, ishike, itakulisha popote utakapopanga.

Lakini kuna ya pili. Watu watakukabidhi vitu ambavyo wao hawawezi kuonja. Watakuachia mtoto, duka, siri, mgonjwa, wakuulize tu, "Vipi?" Na utakuta kuna sehemu ya kitu hicho inayoonjeka tamu upesi, na kuna sehemu ngumu kule chini. Wewe onja ile ngumu. Ukisikia ko, sema nimesikia ko. Sema mapema, wakati moto bado upo na watu wa kukusaidia wako karibu. Aibu ya kusema kitu hakijaiva ni ya dakika moja, na kuna mtu atafanya utani yaishe. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nakuongezea, na mkweli hula pamoja na watu.

Haraka utakuwa nayo tu, umerithi kwangu, na mateke yako yanasema hivyo tayari. Sikukatazi kukimbia. Ila ukifika, shika kisu, choma, hakikisha.

Mungu akupe nyumba yenye majirani wanaofunga na wanaofungua, akupe wazee wa kukurudi kwa sauti ya chini, na akupe watu watakaokula cha mkono wako bila kuuliza kuna nini ndani. Na wewe usiwaangushe. Amina, mwanangu. Njoo salama.