Gichana Wangwe, fundi wa mageti aliyejifunza kuanguka

Saa moja kasoro asubuhi, Gichana Wangwe yuko juu ya ngazi na gunia la mchanga begani. Chini yake kuna ulingo wa mieleka, mita tano kwa tano, umeijaza karakana yake ya mageti mjini Rongo kama kitanda cha jitu. Anahesabu moja, mbili, anaachia. Gunia linatua kwa kishindo. Mbao zinashuka kidogo, zinapanda, zinatulia.

Gichana halitazami gunia. Amefumba macho, anasikiliza.

"Bado," anasema. "Hapa kati bado panalia kavu."

Anashuka, anatambaa chini ya mbao na spana mkononi, analegeza nati kwenye springi iliyotolewa kwa pikapu iliyokufa zamani, kisha anapanda ngazi tena. Gunia hilo lina kilo sabini na mbili. Huo ndio uzito wa Mellen Bonareri, mwanamieleka wa kulipwa atakayeangushwa juu ya mbao hizi Jumapili, kwenye pambano la Homa Bay.

Tangu Jumatatu ameliangusha mara mia mbili na kumi na tano. Hesabu imepigwa kwa chaki ukutani, mahali ambapo kwa kawaida huandika vipimo vya mageti ya watu.

Ng'ambo ya barabara, Mokua, kinyozi na rafiki yake wa miaka mingi, anatoka mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi.

"Fundi! Hilo gunia limekukosea nini? Lipatie nafasi na lenyewe lijibu!"

"Nyoa watu, Mokua. Wewe ukianguka kwa stuli tu unaitisha maombi."

Watu wawili wanaosubiri kunyolewa wanacheka. Gichana hacheki. Ana siku nne, na safari hii hakuna nafasi ya kukosea. Mara ya kwanza alikosea, na kosa lile lilimlaza mwanamke chali, hawezi kusogeza miguu.

Gichana ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa karibu na Kegonga, akaacha shule darasa la sita, akachunga ng'ombe na kufunga majani ya tumbaku hadi alipopata mtu wa kumfundisha kuchomelea vyuma. Rongo alifika akiwa na suruali mbili. Leo geti lake moja linauzwa shilingi elfu ishirini, na akishalipia vyuma na umeme hubaki na kama elfu nne. Kwa mwezi mzuri huuza mageti matano. Miezi mizuri si mingi.

Mieleka aliiona mara ya kwanza Kegonga, akiwa kijana, kwenye televisheni ya duka moja iliyowashwa kwa betri ya gari. Kiingilio kilikuwa mahindi mawili mabichi. Mwenye duka aliyachoma na kuwauzia walewale walioyaleta.

"Niliona mtu akiinuliwa juu kama mtoto, akapigwa chini, akaamka," anasema. "Nilikuwa nimetoka kuanguka kwa punda wiki hiyo na sikuwa nimeamka vizuri. Nikasema, hawa ni watu gani?"

Tangu wakati huo hajakosa pambano kama umeme upo. Huyatazama kwa Mokua, kila Jumapili alasiri, amekaa kwenye benchi ileile, na ukweli usemwe, wengi huja pale kumsikiliza yeye kuliko kunyolewa. Majina ya kizungu yaliwashinda zamani, kwa hiyo wanamieleka wa ng'ambo walibatizwa upya palepale kwa kinyozi.

Kuna anayeitwa Daktari wa Meno, kwa sababu hupiga taya. Kuna Bwana Harusi, anayeingia na maua na kioo.

"Huyo hutumia dakika kumi na moja kuingia na dakika tatu kupigana," Gichana analalamika. "Ningekuwa mwajiri wake, ningemlipa za tatu tu."

Kuna pia Mzee wa Mkanda, aliyestaafu mara nne na kurudi mara tano. Vijana wa Rongo humcheka. Gichana huwakemea.

"Goti limeisha, pumzi imeisha, kila Krismasi anarudi. Mnasema hana aibu. Nani amewaambia ana pensheni? Mwanamieleka akivunjika leo, kesho bango linapakwa rangi na jina la mwingine linaandikwa. Afadhali arudi apigwe kuliko akae nyumbani akisahauliwa."

Lakini ugomvi wake mkubwa na Mokua, ugomvi wa miaka ishirini, haukuwa juu ya mtu. Ulikuwa juu ya sakafu.

Mokua alishikilia kwamba mieleka yote ni maigizo na kwamba chini kuna godoro. Gichana alishikilia kwamba chini ni kugumu kama lami na kwamba wale ni watu wa chuma. Mwaka mmoja walinuniana wiki mbili nzima juu ya jambo hilo. Gichana alikwenda kunyolewa kwingine, akarudi na kichwa kama shamba lililovunwa nusu.

Halafu mwaka huu akaja Byron.

Byron ni kijana wa Homa Bay anayeandaa mapambano ya mieleka katika miji ya ziwani. Hadi hapo, wanamieleka wake walipigana juu ya magodoro yaliyotandazwa kwenye nyasi, na kamba zilifungwa kwenye miti. Alitaka ulingo wa kweli. Aliambiwa Rongo kuna fundi anayeijua mieleka kuliko anavyoijua biashara yake.

"Nilimwambia, jaduong', mzee wangu, weka springi katikati," Byron anakumbuka. "Nikamwonyesha picha kwa simu. Akaniambia, 'Kijana, mimi nimetazama hii kitu kabla hujazaliwa.'"

Gichana hakatai. Alikuwa na sababu mbili za kutoweka springi, na zote zilitoka moyoni. Ya kwanza, yeye ni fundi wa mageti, na sifa ya geti ni kutopinda. Ya pili ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

"Niliona nikiweka springi nitakuwa nimewatukana," anasema. "Itakuwa kama kusema Mokua alikuwa sawa, hawa ni watu wa godoro. Nikasema nitawajengea kitu wanachostahili."

Akachomelea vyuma vya pembe kila futi moja. Akaweka nguzo katikati, nene kama paja. Juu akapigilia mbao za inchi mbili, kisha turubai. Tembo angelala pale. Alifunga kazi ya mageti wiki tatu, na mkewe, Roseline, akaendesha nyumba kwa pesa ya mboga zake sokoni bila kuuliza swali.

Siku ya kuujaribu, karakana ilijaa watu. Bonareri alikuja kutoka Kisii. Ana miaka ishirini na saba na amepigana mapambano ya kulipwa thelathini na moja. Alipanda, akavuta kamba, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akajiangusha chali, anguko la kawaida kabisa, lile wanamieleka wanalofanya mara ishirini kabla ya chai.

Sauti ilikuwa kama ya mlango wa chuma unaofungwa kwa hasira. Bonareri hakuamka.

"Nilisubiri acheke," anasema Gichana. "Hakucheka. Akasema polepole, kama anayemwita baba yake, 'Tata, miguu yangu haiko.' Mimi nimechomwa na moto wa mashine, nimeangukiwa na geti. Sijawahi kuogopa vile."

Miguu ilirudi baada ya dakika chache. Hospitalini picha ilionyesha hakuna kilichovunjika, lakini shingo ilikaa kwenye kola ya daktari siku tisa. Mabango yalikuwa yamebandikwa kutoka Homa Bay hadi Mbita. Byron aliahirisha pambano kwa wiki tano na akasema wazi: sakafu isipokuwa tayari, anafuta kila kitu, na wanamieleka kumi na wawili watarudi nyumbani bila malipo.

Gichana alikwenda Kisii kumwona Bonareri akiwa na jogoo mkononi. Mwanamke yule, na kola yake shingoni, ndiye aliyeanza.

"Tata, wewe ulidhani tunaangukia saruji?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Tungekuwa tumekufa wote," akasema Bonareri, akacheka hadi kola ikamuuma. Kisha akaacha kucheka na kutoa sharti lake. Angerudi Rongo. Angeanguka tena kwenye ulingo wake. Lakini fundi aanguke kwanza.

Basi Gichana alirudi, akawasha mashine, na kuanza kukata alichokichomelea mwenyewe. Anasema kukata ile nguzo ya kati kulimchukua dakika ishirini na kulimuuma kuliko siku aliyozika ng'ombe wake. Mahali pake aliweka springi. Vyuma vya pembe akavipunguza nusu. Mbao akaziacha zielee kidogo, zisigongane na fremu.

Bonareri alipopona, alikuja kumfundisha. Kidevu kifuani. Mikono ipige sakafu kabla ya mgongo. Pumzi itoke, isibaki ndani.

"Nilianguka mara arobaini siku ile," anasema Gichana. "Nyota niliziona saa nne asubuhi, jua likiwaka. Na hiyo ilikuwa sakafu laini! Jioni Roseline alinivua shati kama anamenya ndizi."

Kesho yake alivuka barabara akichechemea na kumwambia Mokua maneno ambayo kinyozi huyo aliyasubiri miaka ishirini: ulikuwa sawa, si saruji.

Mokua, naye, ni mtu. Badala ya kushangilia, aliomba naye ajaribu. Alianguka mara moja tu. Alilala pale akitazama mabati, wateja wake wakimwita.

"Wacha niseme," Mokua anasema leo, akijipapasa mgongo. "Hiyo si godoro. Yule atakayeniambia ni godoro, aje nimwonyeshe pa kuangukia."

Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamekosea, na mazungumzo ya kwa kinyozi yamebadilika. Gichana amepanga upya orodha yake ya wakubwa. Daktari wa Meno ameshushwa. Aliyepandishwa juu kabisa ni bwana mmoja mwembamba anayeitwa Karani, ambaye hushindwa karibu kila wiki na ambaye hapo awali Gichana alimtazama kama tangazo la sabuni, la kusubiri lipite.

"Miaka kumi na tano anaangushwa na kila mtu," anasema. "Hajaumia vibaya, na hajamuumiza mtu. Wakubwa wote wamepata jina wakiwa juu yake. Huyo ndiye anajua kazi. Nilikuwa nawasifu hawa watu kwa kitu ambacho hawafanyi. Kile wanachofanya, sikuwa nakiona."

Jumapili alasiri, uwanja wa shule moja mjini Homa Bay umejaa. Kiingilio ni shilingi mia mbili, na Byron anakadiria watu mia sita bila kuhesabu walio juu ya ukuta. Gichana alifika alfajiri na lori, akafunga kila nati kwa mkono wake. Byron amemtengea kiti cha mbele, karibu na wageni wa heshima.

Kiti ni kitupu. Fundi yuko chini ya ulingo, amepiga magoti nyuma ya turubai la pembeni na spana mkononi, anatazama springi kwa tochi.

Pambano la Bonareri ni la tano. Mpinzani wake, mwanamke mpana kutoka Kisumu, anambana kwenye kona, anampandisha hadi kamba ya juu, anamwinua. Umati unasimama. Mama mmoja mwenye beseni la samaki anapiga kelele, "Mshushe pole, ana mama yake!"

Hashushwi pole. Bonareri anatua chali katikati ya ulingo, na mlio wake, mzito kama wa ngoma, unafika hadi barabarani. Halafu anabaki amelala.

Refa anaanza kuhesabu. Chini ya mbao Gichana haoni kitu. Anaona springi zimeshuka, zimepanda, zimetulia. Anasikia moja. Anasikia mbili. Ameshika spana kwa mikono miwili kama anayeomba. Tano. Sita. Kisha mbao juu ya kichwa chake zinalia: kisigino kimoja, halafu cha pili.

Uwanja unalipuka. Gichana anakaa chini kwenye nyasi na kujifuta uso kwa shati.

Bonareri alishindwa pambano lile dakika nne baadaye, na mkanda wa ushindi ukaenda Kisumu. Hakuonekana kujali. Alizunguka nyuma ya ulingo akiwa na jasho na vumbi, akainua turubai, akamkuta fundi bado amekaa.

"Tata, hii inauma vizuri," akamwambia.

Katika mageti yote aliyowahi kuuza, anasema Gichana, hakuna mteja aliyewahi kumpa sifa kama hiyo.

Sasa Byron anataka ulingo uende Mbita, kisha Migori mjini, na mwisho wa mwaka Kegonga, mbele ya watu waliokua na Gichana. Alipendekeza kuajiri vijana wa kuufunga na kuufungua, ili fundi abaki Rongo na mageti yake. Gichana alikataa bila kufikiri. Fundi mwenzake mmoja atashika karakana siku za mapambano, Roseline amekubali, na yeye atapanda lori na vyuma vyake.

"Geti ukishaliuza, unakwenda nyumbani unalala," anasema, akikunja turubai. "Hii sivyo. Mtu yeyote akianguka kwa kazi yangu, nataka niwe hapo chini nikisikiliza kama ameamka."