Sanduku Lililotakiwa Kupumzika

Mama yangu alikaa mchana kutwa akizungumza na sanduku la mbao.

Msicheke kwanza. Ndani yake mlikuwa na kazi ya mwisho ya kaka yangu, mchongaji, aliyefia ughaibuni. Alizikwa hukohuko. Mama hakuona hata udongo wa kaburi.

Sehemu ya kupokelea mizigo pale makumbusho, sanduku lilikoletwa, niliichora mimi. Sikusomea, nilijifunza kwa kupima na kukosea.

Jukwaa lilikuwa kimo kimoja na sakafu ya lori, sanduku lisije likainamishwa. Paa lilitokeza mbele kuzuia mvua. Ukingoni niliweka mpira, lori likigusa lisitikise kitu. Ndani, chumba cha kupumzishia.

Ndiyo, sanduku hupumzika. Mti uliotoka penye baridi ukifunuliwa ghafla penye joto, hupasuka.

Lori lilirudi nyuma, likatulia kama kuku anayeatamia. Sanduku likaingia bila mtikisiko.

"Haya, fungueni nimwone mwanangu," Mama akasema.

"Kesho, mama," mhifadhi akamjibu kwa upole. "Leo linapumzika."

"Kumbe mti nao huchoka?"

"Huchoka, mama."

"Na mimi je?"

Tukacheka. Moyo wake ulikuwa mbovu, na sote tulijua.

Akanigeukia. "Si wewe ndiye fundi wa hapa? Waambie."

"Mama, kinyago kikipasuka hatupati kingine. Vumilia mpaka kesho."

Akatafuta pa kukaa. Hapakuwapo. Akakalia ndoo ya rangi iliyofudikizwa, pochi mapajani, macho kwenye mlango wa kile chumba.

"Umenenepa, wewe," akaliambia sanduku. "Huko walikuwa wanakulisha nini?"

Asubuhi, nyumbani, nilimpelekea chai chumbani kwake. Hakuipokea. Alikuwa ameshapoa.

Sanduku tulilifungua baada ya mazishi. Hakuna ufa hata mmoja. Chumba changu kilifanya kazi yake.

Kinyago kilikuwa Mama.

Ameketi, pochi mapajani, shingo kaielekeza upande kama anayechungulia mlango, akingoja mtu. Na kaka alikuwa amemchongea kiti, kipana, chenye mgongo wa kuegemea.

Mimi nilimwachia ndoo.

Simlaumu mhifadhi. Utaratibu ulikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Ila mti una kesho yake. Mzazi kesho yake ni ya kuazima, na mwenye nayo haulizi akija kuichukua.

Siku hizi nikichora pa kupokelea mizigo, naanza na benchi.

Wa kulikalia hayupo.