Kuisindikiza Baridi

Nilipokuwa mtoto kule Vudee nililala kitanda kimoja na bibi yangu mzaa mama, na kila kipupwe nilikesha nikisikiliza kifua chake. Alikohoa mpaka kitanda kikatikisika. Niliogopa kwamba siku kikohozi kitakaponyamaza, naye atakuwa amekwenda. Asubuhi nilisinzia darasani na sikumweleza mtu sababu.

Mwaka mmoja, Agosti ikielekea ukingoni, Bibi aliniita jikoni. Alisema baridi isiposindikizwa hujificha mvunguni na kukaa vifuani mwa wazee. Mtoto wa nyumba ndiye huitoa, kwa kuserereka kwenye majani yenye umande, kutoka juu kabisa ya mlima hadi bondeni.

"Usiishie katikati, mama," alinionya. "Ukiishia katikati, itarudi nyumbani na wewe."

Nikabandua gome la mgomba, nikalikalia, nikajiachia. Sijapata tena raha kama ile. Upepo ulinitoa machozi, nguo zililowa chepechepe, na mbali chini tambarare ya Same ilikuwa imeshapata jua. Nilicheka peke yangu njia nzima. Bibi alikuwa amesema mara moja haitoshi, kwa hiyo nilipanda tena na gome langu kichwani, nikaserereka tena, nikapanda tena, mpaka jua likakausha majani na miguu ikagoma.

Jioni nilisinzia na tonge mkononi. Usiku sikusikia kitu. Nilirudia kila asubuhi isiyo ya shule, na baada ya muda Bibi akaanza kutoka uani kuota jua na kuchambua maharage. Nikatembea kijijini kifua mbele, kwa kuwa niliamini nimemponya.

Mwaka uliofuata niliserereka kwa bidii zaidi. Bibi alifariki mwishoni mwa baridi ileile, usiku, nami nimelala fofofo ubavuni mwake. Kwa miaka mingi nilijiuliza ni wapi nilipoishia katikati.

Sasa mama yangu ndiye mgonjwa. Nimemleta kwangu Same mjini, kwenye joto. Usiku namgeuza na kumbadilishia shuka, asubuhi naenda kazini macho mekundu. Nimechoka, na sioni haya kusema. Juzi, nikimlisha uji, nilimuuliza kuhusu desturi ile ya kuisindikiza baridi. Akashangaa. Alizaliwa na kukulia Vudee, na hajawahi kuisikia.

Kisha akakumbuka maneno ya Bibi.

"Aliniambia, 'Huyu mtoto halali kwa ajili yangu. Nitamtafutia kitu cha kumchosha.'"

Nikaweka bakuli chini, nikalia mbele ya mgonjwa wangu kama mtoto mdogo. Usiku wa baridi kule juu ni mrefu. Bibi aliupitisha peke yake na kifua kile, mimi nikikoroma pembeni, na ndivyo alivyotaka.