Mshumaa wa Mdachi

Juzi pale Daraja Mbili nilimwona fundi akichomoa plagi ya pikipiki na kuipangusa kwa shati lake. Harufu ya petroli ikanirudisha kwetu Kikatiti, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani.

Pikipiki ya Mdachi mmoja ilizimika mbele ya migomba yetu. Aliipiga teke, ikakohoa, ikanyamaza. Akafungua tangi, akachungulia, kisha akamgeukia baba, kiboko mkononi. Kwa lugha yao plagi huitwa mshumaa, lakini hilo nimelijua uzeeni. Siku ile alifoka tu kwa Kiswahili chake kibovu, "Mshumaa imekufa! Mshumaa!"

Nyumbani kwetu baba peke yake ndiye aliyejua Kiswahili. "Mama Ndeshi," alimwita mama, "anataka mshumaa. Fanya upesi, asije akanichapa."

Mama alikuwa na kipande cha mshumaa wa Krismasi kutoka misheni. Akakiwasha jikoni, akaja nacho polepole, ameukinga moto kwa kiganja, hadi karibu na tangi lililokuwa wazi.

Mdachi akauona. Uso wake ukawa kama majivu, kiboko kikamponyoka. "Mama," alinong'ona, "tafadhali, mama. Rudi."

Baba hakuamini masikio yake. "Anakuomba urudi."

Mama akarudi kinyumenyume, moto ukiwaka, amemkazia macho Mdachi.

Niliamini Wadachi wanaogopa mshumaa. Mama pia aliamini. Tangu siku hiyo, kila pikipiki iliponguruma barabarani, aliwasha kile kipande na kusimama nacho mlangoni.