Sauti ya Mwalimu Kadra

Mwalimu Kadra alifariki asubuhi akisubiri chai ichemke, na kufikia jioni Garsen nzima ilikuwa ikiuliza swali moja: mwanamke mwenye nguvu kama yule anakufaje?

Hakuwa mzee. Hakuwa mgonjwa, au tuseme hakuna aliyejua kwamba alikuwa mgonjwa. Daktari alisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Neno hilo liliwatia wanawake baridi kuliko msiba wenyewe, maana presha ndiyo iliyowapeleka wengi wao kwa Kadra. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la vipuri, kando ya barabara ya kwenda Malindi: paa la mabati, pangaboi moja lililokuwa likilalamika mchana kutwa, na pazia zito mlangoni ili mwanamume asichungulie. Humo aliwafundisha mazoezi wanawake waliotumwa na daktari, wenye magoti mabovu, na waliojifungua wakashindwa kurudi walivyokuwa. Walikuja Waorma, Wasomali, Wapokomo na Wagiriama. Mashine hakuwa nazo. Alikuwa na mikeka, jerikeni ndogo zilizojazwa mchanga, na kioo kirefu chenye ufa.

Msaidizi wake alikuwa Kahaso, mwanamke wa makamo kutoka Tarasaa, aliyejifunzia kazi hiyo katika hoteli moja ya Malindi hadi hoteli ikafungwa. Wawili hao hawakufanana hata kidogo. Kadra alifundisha kwa makelele na utani. Kahaso alimshika mtu kiuno, akamsogeza kidogo, akaenda kwa mwingine bila kusema neno.

Matanga yalipokwisha, Bishara, mama yake Kadra, alimpa Kahaso ufunguo.

"Endelea na wenzako, mwanangu," alimwambia. "Mimi chumba kile siwezi kukiingia."

Siku ya kwanza walikuja wote. Walisalimiana kwa sauti za msibani, wakavua mabuibui, wakatandika mikeka. Hapo Kahaso akaona jambo walilolifanya bila kuambiana. Mbele ya kioo, mahali Kadra alipozoea kusimama, walipaacha wazi. Walibanana nyuma hadi viwiko vikagusana, na mbele pakabaki saruji tupu. Hata Kahaso mwenyewe alijikuta amesimama pembeni, karibu na dirisha, akihesabu kutoka hapo. Mazoezi walifanya, lakini kila jicho lililokuwa kwenye kioo lilitazama pale pasipokuwa na mtu.

Haukupita muda wakaanza kuondoka. Wa kwanza alikuwa Shurie, mke wa mwenye duka la nguo.

"Usinichukie, dada," alisema akifunga ushungi. "Nikiruka kidogo tu, moyo ukianza kwenda mbio, namwona Kadra chini pale jikoni. Kama mazoezi hayakumfaa yeye, yatanifaa mimi?"

Kahaso alimshikia pazia. Alisema tu, "Mlango uko wazi." Shurie alitoka na hakurudi. Baada yake mmoja akasema ana wageni, mwingine akasema ana safari ya Hola, na mwingine hakusema lolote. Jioni moja Kahaso alikaa peke yake na mikeka iliyokunjwa, akisikiliza pangaboi, na ikamjia wazo ambalo wakati huo alidhani ni zuri.

Kadra alikuwa na mazoea ya kwenda Bura kuwafundisha wanawake wa huko. Kwa ajili ya siku hizo alikuwa amerekodi darasa zima kwenye simu ya Kahaso, ili wanafunzi wake wasilegee akiwa hayupo. Haikuwa rekodi ya studio. Aliirekodi humo chumbani, watu wakiwa katikati ya mazoezi, na aliwataja kwa majina. Kahaso aliunganisha simu na spika.

"Haya, simameni! Leo sitaki uvivu. Hodan, mgongo! Asli, usinidanganye, nakuona."

Wanawake wawili watatu waliokuwepo waliganda. Kisha Hodan, mwanamke mrefu aliyekuwa akiuza maziwa sokoni, akanyoosha mgongo. Asli, mjane wa Kiorma mwenye kisukari, akainua goti juu kabisa, machozi yakimtiririka.

Habari ilienea. Wiki ile ile chumba kilijaa tena. Wengine walikuja kutoka Chara, watu ambao hata Kadra alipokuwa hai hawakuwa wakija. Kila alasiri spika iliwashwa na kila alasiri marehemu aliwaita. Aliposema, "Hodan, mgongo!" Hodan alinyooka, hata kama mgongo wake ulikuwa umenyooka tayari. Alipocheka, walicheka, pale pale alipocheka. Kuna mahali aliuliza, "Mbona leo mko kimya?" na kila siku, walipofika hapo, kweli walikuwa kimya.

Kahaso alikuwa amewarudisha wateja, lakini alijiona kama bawabu wa kaburi. Kazi yake ikawa kufungua mlango, kuwasha spika na kukunja mikeka. Akimwambia mtu apumzike, huyo mtu aligeuza shingo kwanza kuelekea spika, kana kwamba anaomba ruhusa. Nyumbani, akiosha vyombo, alishtuka akisikia "nakuona" nyuma ya bega lake. Akigeuka haoni mtu, ni ukuta na kalenda. Alianza kufunika kioo kwa leso kabla ya kufunga chumba. Hakumwambia mtu kwa nini.

Asli alianguka siku ya joto kali. Alikuwa amekuja bila kula. Kahaso aliuona uso wake umebadilika, midomo imepauka, jasho jembamba limemtoka kwenye paji, na mikono inatetemeka.

"Mama Guled, kaa chini," alimwambia Asli.

Spika ikasema, "Asli, usinidanganye, nakuona. Endelea!"

"Kadra anasema niendelee," Asli alijibu. Wala hakuwa anatania.

"Kadra hakuoni! Ninayekuona ni mimi. Kaa!"

Asli aliinua goti mara moja tena, kisha akaporomoka mahali pale pa wazi mbele ya kioo. Wanawake walipiga mayowe. Kahaso alimwinua kichwa, akamtuma Hodan dukani mbio akalete soda, akamnywesha kidogo kidogo hadi macho yakatulia. Muda wote huo hakuna aliyekumbuka kuzima spika. Kadra aliendelea kuhesabu juu ya vichwa vyao, akiwasifu, akiwahimiza, akicheka.

Kahaso alipopata nafasi aliizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata mabati yalisikika yakilia kwa jua.

"Sitaiwasha tena," alisema.

Hodan alimtazama kwa hasira. "Umemzika mara ya pili."

"Asli nusura azikwe leo."

"Basi tufundishe wewe, tuone!" Hodan alichukua buibui lake akatoka, na wengi wakamfuata.

Kesho yake Kahaso hakufungua chumba. Alikwenda kwa Asli. Alimkuta amekaa kivulini, amefunga kitambaa kichwani, bintiye Ramla akimpa uji. Kahaso aliketi mkekani.

"Nataka kujua kitu kimoja," Kahaso alisema. "Ulijua unaumwa. Kwa nini hukukaa?"

Asli alipokea bakuli la uji. "Tangu mume wangu afe, hakuna anayenigombeza. Watoto wananiheshimu, majirani wananihurumia. Kadra peke yake alikuwa ananifokea kama mtu mzima mwenye nguvu. Nikisikia jina langu pale, najua kuna mtu bado ananitarajia."

"Mimi siwezi kufoka kama yeye."

"Najua. Wewe unashika tu, unasogeza. Hatujui unafikiri nini."

Neno hilo lilimwingia Kahaso. Kwa miaka yote alidhani mikono yake inatosha. "Nafikiri hukula jana," alisema. "Nafikiri goti lako la kushoto linakuuma kuliko unavyosema, na unaogopa kulala chali kwa sababu kifua kinabana. Na usipokuja, huwa nakuangalia mlangoni hadi mwisho."

Asli aliacha kunywa uji. "Na hukuwahi kusema?"

Kuanzia siku hiyo Kahaso alianza kuwafuata mmoja mmoja. Hakwenda kuwaomba warudi. Alikwenda kuwajulia hali, wengine sokoni na wengine nyumbani kwao, akawauliza wanalalaje, wanakula nini, nini kinawatisha mwilini mwao. Wengine walimkaribisha. Wengine walimsikiliza wamesimama mlangoni. Shurie alimpa maji ya kunywa na akamwambia kwa upole kwamba hatarudi.

Siku moja, Kahaso na wanawake wachache wakiwa chumbani, pazia lilifunguliwa akaingia Bishara, mama wa marehemu. Aliyesema hataweza kukiingia chumba kile alisimama katikati, mkono ameuweka mgongoni, akivuta hewa kama mtu anayenusa nguo za mtoto.

"Nimesikia sauti yake iko hapa," alisema. "Nataka kuisikia. Kisha mnipe, niende nayo."

Kahaso aliogopa, lakini angemnyimaje mama? Alimpa kiti, akawasha spika kwa sauti ya chini. Hodan alikuwa amepita kuleta maziwa, akabaki mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyefanya mazoezi. Walisikiliza tu.

Bishara hakulia. Alifumba macho, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akisikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili. Ghafla akainua mkono.

"Rudisha nyuma. Hapo."

Kahaso alirudisha.

"Inua, shusha. Inua, shusha," Kadra alisema. Kisha pakawa na pengo, pale ambapo siku zote walidhani anabadilisha jerikeni. Safari hii, spika ikiwa chini na miguu imetulia, walimsikia. Alivuta pumzi kwa taabu, halafu akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na nafsi yake, "Kichwa hiki, wallahi. Kichwa hiki leo." Kisha sauti ikapanda tena, changamfu kama kawaida. "Haya, tusonge! Mbona leo mko kimya?"

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameisikia rekodi ile kila alasiri kwa majuma, na ile siku yenyewe, ilipokuwa ikirekodiwa, walikuwemo humo ndani. Kadra alikuwa amelalamika mbele yao, na wao walikuwa wakihema na kujiangalia kwenye kioo.

"Kwangu pia hakusema," Bishara alisema. Alimtazama kila mmoja, bila lawama, na hilo ndilo lililowauma zaidi. "Aliwauliza ninyi mnaumwa wapi. Yeye nani alimuuliza?"

Hodan aliweka chini kopo la maziwa, akakaa sakafuni, akajifunika uso kwa ushungi.

Bishara aliondoka na rekodi ndani ya simu ya mjukuu wake aliyemsindikiza. Kwenye simu yake mwenyewe Kahaso aliifuta, yeye akishika na Asli akibonyeza.

Chumba hakijawahi kujaa tena kama zile siku za spika. Wale wa Chara waliokuja kumsikia marehemu walikwenda zao. Waliobaki walibaki kwelikweli. Sasa kabla ya kusimama wanakaa kwanza kwa duara, na kila mtu anasema ameamkaje. Siku za mwanzo waliona haya, wakajibu "mzima" kama watu wanaosalimiana njiani. Kahaso hakukubali. "Mzima si jibu," alisema. "Hata Kadra alikuwa akisema hivyo." Akasema yeye mwenyewe kwanza, ili wapate mfano: usiku hakulala vizuri, bega linavuta, na kuna sauti anayoisikia akiosha vyombo. Wanawake watatu wakainua macho kwa pamoja. Nao walikuwa wakiisikia. Mmoja alisema humjia akikamua mbuzi.

Hodan alirudi katikati ya darasa, akatandika mkeka wake na kuanza kufuata. Kahaso alimwambia, "Hodan, karibu," kwa sauti, mbele ya wote. Alikuwa anajifunza kusema.

Mwaka huo, maji ya Mto Tana yalipofurika na njia ya kuingia mjini ikakatika, wanawake wa ng'ambo ya mto walishindwa kuja. Zamani hapo ndipo wateja walipokuwa wakipotea, mtu akikaa mwezi bila mazoezi anaona haya kurudi. Kahaso aliwapigia simu kila mmoja, akawapa mazoezi ya kufanya na kiti, na mlango, na ndoo. Maji yalipopungua walirudi wakiwa na tope hadi magotini, wakicheka, kila mmoja akidai amefanya kuliko mwenzake.

Ni katika siku hizo Asli alikuja na mashine ndogo ya kupimia presha, aliyonunuliwa na mwanawe Guled. Walipimana kwa zamu, wakitaniana. Ilipofika mwisho, Asli alimgeukia Kahaso.

"Na wewe."

"Mimi nitapima baadaye. Muda umekwenda, tuanze."

"Lete mkono, dada."

Kahaso aliutoa mkono. Kitambaa kilijaa hewa, kikabana, kikalegea. Asli alizisoma namba. Akapima tena. Wanawake walisogea karibu, na chumbani pakasikika pangaboi tu. Kahaso alijua kabla hajaambiwa. Mama yake mwenyewe alikuwa na presha, na yeye hakuwahi kwenda kupima.

"Hainiumi mahali popote," alisema.

Hodan alivuta kiti akakiweka nyuma yake, akambonyeza mabega hadi akaketi. Kesho yake asubuhi wanawake wanne walimsindikiza hospitalini, na dawa anazimeza hadi leo. Lakini alasiri ile hawakumruhusu asimame. Asli alikwenda mbele ya kioo, akageuka akawatazama wenzake, akakohoa kidogo kwa haya, akaanza kuhesabu.