Gari la Mikate Linaposimama

Baba yangu ni dereva wa gari la mikate, na kwa muda mrefu barabarani walimwita Bwana Harusi. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa kumkejeli, kwa sababu aliendesha kama vile nyuma amembeba bibi harusi asiyetakiwa kutikiswa. Bibi harusi hakuwepo. Nyuma kulikuwa na kreti za mikate iliyotoka tanurini, na mbele, upande wa abiria, nilikaa mimi bintiye, kazi yangu ikiwa kushusha kreti madukani. Yeye alikuwa na subira, mimi nilikuwa na mdomo, kwa hiyo tuligawana kazi vizuri.

Mdomo wangu haukukosa pa kuanzia. Kuna dereva anayekupigia honi taa ikiwa bado nyekundu, utadhani wewe ndiye uliyeipaka rangi. Kuna anayewasha taa za dharura, akaegesha katikati ya njia na kuingia dukani kununua vocha. Akitoka anakutazama juu chini, wewe uliyemsubiri. Kuna mwenye indiketa ya urembo, anayewasha kulia akaenda kushoto. Na kuna wale wanaonichemsha damu kuliko wote, ambao wakiona foleni wanapanda njia ya waenda kwa miguu, wanawatimua watu walioamka alfajiri kutembea kwenda vibaruani, halafu huko mbele wanachomeka pua ya gari na kudai wapishwe. Baba alikuwa anawapisha.

"Mwache apite, mama," alizoea kuniambia. "Huenda ana mgonjwa."

Nikamjibu siku moja kwamba kama kila mwenye haraka katika mji huu angekuwa na mgonjwa, hospitali zingekuwa zimepasuka kuta. Akacheka kidogo na kubadilisha gia. Hakuwa mtu wa kubishana, na honi ya gari lile aliigusa mara moja tu kila asubuhi, tukiwa bado uani kwenye bekari, kuhakikisha kwamba inalia.

Alianza pale kama mpakiaji. Alipewa usukani baada ya dereva wa kwanza kuacha kazi, na tangu hapo gari lile alilitunza kuliko miguu yake mwenyewe. Alfajiri alifuta kioo cha mbele kwa fulana kuukuu, akarekebisha vioo vya pembeni ingawa hakuna mwingine aliyeliendesha, akakalia mto alioshonewa na marehemu mama. Jioni, nyumbani kwetu kwenye vyumba viwili na varanda, alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, kwa sababu klachi ya gari lile ilikuwa ngumu na mguu wa kushoto ulimuuma. Hapo ndipo aliponisimulia habari za njiani, na hata mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yake kutwa nzima nilizisikiliza upya. Katika masimulizi yake hakuna dereva aliyekuwa mbaya.

Katikati ya safari yetu kuna shule ya msingi, na mbele ya shule kuna kivuko cha zebra. Nasema kuna, lakini rangi yake ilikuwa imefutika ikabaki mistari michache pembeni, na kibao chake kiligongwa zamani na lori, kikang'olewa kikaenda kuuzwa chuma chakavu. Baba alikumbuka kivuko kilipokuwa. Kila asubuhi alisimama pale, akainua mkono, na mwalimu wa darasa la kwanza akavuka.

Mwalimu huyo alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye mkoba uliojaa madaftari ya watoto na mwavuli usiomtoka mkononi hata jua likiwaka. Alikaa ng'ambo ya barabara. Baba akiinua mkono, naye aliinua wa kwake, akapita mbele yetu bila kukimbia. Wengine wote pale walivuka mbio, nguo wamezishika, kama watu waliofukuzwa na nyuki. Mwalimu alitembea. Ukibaki mkate uliopasuka ubavuni, ambao duka lisingeupokea, baba alimpitishia dirishani, naye akasema ahsante kaka yangu, wakaulizana habari za nyumbani kwa maneno mawili matatu huku nyuma honi zikilia.

"Baba," nilimtania, "bibi harusi mwenyewe si ndiye huyu?"

Aliniambia niache upuuzi, lakini kesho yake nilimwona amenyoa ndevu. Nilifurahi, sitaficha. Nyumba yetu ilikuwa imekaa kimya tangu mama aondoke, na mimi nilishaanza kupanga moyoni mahali pa kuweka kiti cha tatu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Tulifika kwenye kivuko, baba akapunguza mwendo, akasimama, akainua mkono. Mwalimu akainua wa kwake, akashuka kutoka ukingoni. Nyuma yetu gari moja la rangi ya fedha lilikuwa limetukaba tangu kwenye mzunguko, likitupigia honi na kutumulika taa. Nikaliona kwenye kioo cha pembeni likichomoka kutupita.

Gari letu ni refu kwenda juu. Mwalimu hakuweza kuona kitu kilichokuwa nyuma ya gari, na yule wa nyuma hakuweza kumwona Mwalimu. Baba akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya barabarani: aliigandamiza honi kwa mikono miwili na hakuiachia. Mwalimu hakugeuka. Mahali pale honi zinalia tangu kunapokucha, zinalia kwa sababu na bila sababu, na moja zaidi haikumwambia kitu. Alikuwa bado anatabasamu kuelekea kwetu alipotoka upande wa pili wa gari letu na kugongwa.

Yule mwenye gari la fedha alishuka, na naapa kwamba kitu cha kwanza alichokitazama ni bampa yake. Alikuwa amevaa suti, kitambulisho cha ofisi shingoni. Mwalimu alikuwa chini, mguu umekunjika visivyo, madaftari ya watoto yametapakaa kwenye lami yenye maji, na magari yaliyokuwa nyuma, badala ya kusimama, yalitafuta upenyo yakapita juu ya madaftari. Baba alikuwa ameshapiga magoti kwenye maji, amemfunika kwa koti lake. Mimi nilimkunja yule wa suti shati na kumwambia yaliyokuja mdomoni, ambayo sitayaandika hapa.

"Mnanilaumu mimi kwa lipi?" alisema. "Huyu mzee ndiye kasababisha. Mtu anasimama vipi katikati ya barabara?"

Nilitegemea watu wamzomee. Dereva wa teksi mmoja, ambaye tulikuwa tunapishana naye kila siku, akatikisa kichwa na kusema kwamba ndiyo kawaida ya mzee huyu, kila siku anasimama hapa hapa, anatuchelewesha. Mwingine akaitikia. Walikuwa mashahidi wa kweli, hilo ndilo lililoniuma: kila walichosema baba alikuwa amekifanya.

Askari wa trafiki alipofika, Mwalimu ameshapelekwa hospitali, alimuuliza baba kwa nini alisimama. Baba akasema kuna kivuko. Askari akaangalia chini, akasogeza madaftari mawili kwa ncha ya kiatu, akauliza kiko wapi. Baba akamwonyesha, hapa hadi pale, kwa kidole. Askari hakuwa mtu mbaya. Aliwaandikia wote wawili makosa, yule kwa kupita gari vibaya, baba kwa kusimama pasiporuhusiwa, halafu akamshika baba bega.

"Mzee wangu," akamwambia, "wewe endesha kama wenzako."

Jioni ile baba alikaa na miguu kwenye beseni mpaka maji yakapoa, na alipoona nakuja na birika la maji ya moto akanizuia kwa mkono.

"Hakuangalia barabara," alisema. "Aliniangalia mimi. Mkono wangu ndio uliomwambia njoo."

Nilimwambia kosa ni la yule mshenzi wa gari la fedha. Nilimwambia hivyo kwa kila namna ninayoijua, kwa upole na kwa ukali, mpaka sauti ikanikauka. Hakunibishia, kama kawaida yake, na sikumshinda. Alikwenda hospitali siku ya kuona wagonjwa, amebeba mkate mzima, usiopasuka popote. Alifika mlangoni mwa wodi, akamwona Mwalimu amelala, mguu umening'inizwa, akamwachia muuguzi ule mkate na kurudi. Hakwenda tena. Alisema hana uso wa kumtazama.

Lakini kusimama hakuacha. Hapo ndipo nilipomjua baba yangu kuwa mkaidi. Kila asubuhi alipofika pale aliligeuza gari likakaa mshazari, likaziba njia yote, asipate mtu pa kupenya, akawasha taa za dharura na kuwavusha waliokuwepo, hata akiwa ni mtu mmoja na mbuzi. Tulitukanwa matusi ambayo mengine nilikuwa siyajui. Mtu mmoja alishuka na kupiga ubavu wa gari kwa ngumi. Wenye maduka wakalalamika kwamba mikate inachelewa, na bosi wa bekari akamwita baba ofisini, akamwambia kwamba anamheshimu kama mzazi lakini wateja wakianza kuhama, gari atapewa mwingine.

Nilimsihi aache. Tungekosa gari, tungekula nini? Akaniambia asubiriwe kidogo tu, mpaka Mwalimu arudi.

"Siku atakayorudi anikute hapa nimesimama," alisema. "Avuke bila mtu kumgusa. Baada ya hapo wakitaka gari lao wachukue."

Nikawa nami namsubiri Mwalimu, kila tukikaribia shule nainua shingo.

Alirudi muhula mpya ulipofunguliwa. Nilimwona kabla ya baba: amekonda, gongo chini ya kwapa upande mmoja, mkoba begani, mwavuli haupo kwa sababu hakuwa na mkono wa kuushikia. Baba alimwona, na nilisikia anavyovuta pumzi. Aliligeuza gari mshazari kwa uangalifu kuliko siku zote, akasogeza mbele, akarudisha nyuma, mpaka hata baiskeli isingepata pa kupita. Akawasha taa za dharura. Alikuwa amenyoa. Akainua mkono.

Mwalimu hakuinua wa kwake. Alimtazama baba, akautazama ubavu wa gari letu kwa urefu wake wote hadi nyuma lilikoishia, akamtazama baba tena. Mguu wake haukusogea. Honi zilikuwa zimeanza, moja, kisha zote. Baba akashusha kioo na kutoa kichwa nje.

"Vuka, Mwalimu," akamwambia. "Nimeziba njia yote. Hakuna atakayepita."

"Nakushukuru, kaka yangu. Sina kinyongo na wewe." Ilimbidi apaze sauti, honi zilikuwa nyingi. "Lakini pita tu. Nikikuona umesimama ndipo mwili unanitetemeka."

Nikafungua mlango nishuke nikamshike mkono. Alinitikisia kichwa, akarudi hatua moja nyuma, mbali na barabara. Kisha akainua mkono wake, ule ule uliokuwa unatushukuru, akautumia kutuonyesha njia: nendeni.

Baba alibaki ameshika usukani. Nilidhani atashuka, nilidhani atalia, nilimwombea afanye chochote. Alizima taa za dharura, akalinyoosha gari, akatia gia namba moja, tukapita mbele ya Mwalimu. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona amesimama ukingoni na gongo lake, na magari yaliyokuwa nyuma yetu yakimpita moja baada ya jingine, yamekabana, hakuna lililompunguzia mwendo. Sijui siku ile alivuka saa ngapi. Nasikia siku hizi hutoka nyumbani kukiwa bado giza, kabla magari hayajawa mengi, na kukaa peke yake darasani kusubiri kuche.

Tangu hapo baba hasimami. Anafika mbele ya shule kwa mwendo wa wenzake, macho mbele, na watu wanaotaka kuvuka wanaruka pembeni kama wanavyoruka kwa kila gari. Honi anaipiga. Hajanisimulia tena habari za njiani jioni, ila miguu bado anaiweka kwenye beseni, na kiti cha tatu nilichokuwa nimekiwazia sikukinunua. Mimi nimebaki na mdomo wangu, lakini ndani ya gari sasa sijui niuelekeze kwa nani.

Mwezi uliopita bosi alitukusanya uani, madereva na wapakiaji, akasema mikate inafika madukani ikiwa bado ya moto na hajasikia lalamiko hata moja. Akamvuta baba mbele, akamshika mkono na kuwataka wengine wapige makofi.

"Mzee," akamwambia, "siku hizi umejua kuendesha."

Baba akasema ahsante, bosi, akachukua fulana yake kuukuu na kwenda kufuta kioo.