Seremala Mbele ya Mashine ya Baridi

Kila siku ya soko seremala wa Akeri huja katika duka la Mhindi ninakouza, huvua kofia mlangoni kama anaingia kanisani, huzipita feni zote na kwenda kusimama mbele ya mashine ya baridi ya dirishani tuliyomwagizia Mzungu mmoja wa mashamba ya Usa River, ambayo hajaja kuichukua nasi tunaiwasha wateja waione. Huipima upana kwa shibiri, kwa mkono wenye ukucha uliosagwa na nyundo. Halafu huinama mpaka usawa wa kitanda, akageuza shavu, akaachama na kuvuta ule ubaridi polepole, kama mtu anayemwonjea mgonjwa uji. Mgonjwa ni mkewe. Ana pumu, na nyumba yao ya mabati mchana ni tanuri. Mimi chuo cha ualimu nilikiachia njiani, lakini mdomo sijauacha. Leo nikamwambia, "Mzee, hata ukipewa bure utaichomeka kwenye mgomba? Umeme umeishia kwa Wazungu."

"Dirisha nimeshalipanua," akasema.

"Si ung'oe mabati, uezeke majani ya migomba kama zamani? Mama atapumua."

Hakucheka. Aliipangusa mashine vumbi kwa kiganja. "Nimepanda juu kuyang'oa mara mbili. Anaamka kitandani anakohoa, anashika ngazi. Anasema ndiye mwanamke wa kwanza kwetu kulala chini ya bati, wenzake wa kanisani wasije wakamwona ameshushwa."

"Na akifa?" Mdomo ulinitangulia.

"Nimemuuliza, kijana wangu. Amesema basi watakaokuja msibani hawatanyeshewa."